Utando wa buibui na sumu iliyo hewani

Hotuba kwa wakazi wa Tulia kuhusu afya ya mazingira



Nyumba yenye utando wa buibui huhesabiwa kuwa chafu, na mgeni akitarajiwa ufagio hupitishwa darini upesi. Lakini watafiti wa mji wa Wrocław, nchini Poland, wameutumia utando huo huo kupima hewa. Nyuzi zake hunasa vumbi kama zinavyonasa nzi. Ukiwa mahali pasiponyeshewa, utando hukaa na vumbi hilo kwa wiki nyingi. Hukusanywa kwa kijiti safi, huyeyushwa kwa asidi katika maabara, kisha mashine husoma kiasi cha risasi, zinki na metali nyingine nzito. Utando wa kando ya barabara yenye magari mengi hulinganishwa na wa mtaa tulivu, na tofauti huonekana.

Buibui halipwi mshahara, ingawa maabara ina gharama yake. Tena utando hausemi mtu amevuta sumu kiasi gani. Unaonyesha tu mahali pa kuchunguzwa kwanza.

Faida ya kuonywa mapema inajulikana Mombasa. Mtaani Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilikuwa ubavuni mwa makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alishtuka mwanawe mchanga alipougua na damu yake ikapatikana na risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kipimo cha hewa, kwa mama huyo, kilikuwa damu ya mtoto wake.

Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006. Kwa mji mdogo kama Tulia, basi, la kuangaliwa zaidi ni betri za gari na za sola. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna sahani za risasi. Anayeivunja betri nyuma ya nyumba na kuyeyusha risasi kwa moto wa makaa hutoa moshi na vumbi linalotua kwenye sufuria na mikono ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo anayeona betri zikiyeyushwa karibu na makazi amwarifu afisa wa afya ya umma wa wadi. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, asidi yake isimwagwe. Na mtoto aliyecheza karibu na kazi hiyo apelekwe hospitali, mzazi akitaja betri waziwazi, maana kuumwa tumbo, uchovu na kukosa hamu ya chakula hufanana na dalili za magonjwa mengine mengi.