Koo la mtoto na mshipa wa kichwani

Kijana akianguka ghafla na kupooza upande mmoja, hapa Songea maneno hayachelewi. Bombambili watasema karogwa, Mfaranyaki watasema mapepo. Leo naomba tuitazame njia moja ya maradhi hayo, inayoanzia mbali na kichwa.

Kwanza tuelewane: wengi wanaopata kiharusi huponzwa na shinikizo la damu. Hili ninalolisema ni nadra zaidi, lakini huwapata hata vijana.

Mtoto huugua koo kwa bakteria waitwao streptokoka. Asipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye anaweza kupata homa na maumivu ya viungo yanayohamahama. Kinga ya mwili, katika kupambana, hushambulia hata vali za moyo, yaani vile vilango vinavyoongoza damu. Viungo hupona, lakini vali huweza kubaki na makovu.

Miaka inapita. Jino linaoza, au jipu linatumbuliwa kwa wembe mchafu. Bakteria huingia kwenye damu, wakang'ang'ania kwenye vali yenye kovu na kuota hapo kama kichuguu. Kipande kikimeguka, damu hukibeba hadi kwenye ubongo, kikanasa mahali ateri inapogawanyika. Hapo bakteria huula ukuta wa mshipa. Nanyi mnaijua tyubu ya baiskeli iliyochakaa: ukiijaza upepo hututumka palipo dhaifu, mwishowe hupasuka. Mshipa nao ni hivyo hivyo, na pengine ni kazi ya siku chache tu.

Daktari William Osler alieleza mishipa ya namna hii mwaka 1885, akaipa jina litokanalo na ukuvu kwa sababu ya sura yake, ingawa chanzo kwa kawaida ni bakteria. Wakati ule penisilini haikuwapo. Sisi tunayo. Je, udhuru wetu ni upi?

Mwaka 2003 mkoa wetu wa Ruvuma ulitangulia nchini kujaribu mpango wa maduka ya dawa muhimu, na dawa zikasogea karibu na wananchi. Hata hivyo, bado namwona mtu akinunua vidonge vinne vya amoksilini, eti vinatosha. Mwingine humpeleka mwanawe kukatwa kimeo. Mwingine ana homa wiki ya tatu, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, naye bado anameza dawa ya malaria. Nusu dozi huwaficha bakteria bila kuwamaliza. Daktari akipima damu, huenda asiwaone.

Ugonjwa ukishafika kwenye vali, tiba ni dawa ya kupitishwa kwenye mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na wengine huhitaji upasuaji. Mabingwa wa ubongo na wa moyo wako Muhimbili, zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa. Wangapi kati yetu wanaimudu safari hiyo na mgonjwa asiyejiweza?

Basi mzazi, koo la mtoto lipimwe, na dozi imalizwe. Mwenye vali mbovu atunze meno yake, na sindano aliyopangiwa kila mwezi asiiruke. Akipata homa isiyokoma, au kichwa kikali cha ghafla, aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba ana ugonjwa wa moyo. Neno hilo moja humwonyesha daktari pa kuanzia.