Taa Haiwaki: Tupime Kwanza Kabla ya Kununua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia na vijana wanaojifunza ufundi)

  Tumekuja na taa tatu za sola ambazo haziwaki, redio moja, mita ya kupimia, na mkebe wa vipande vilivyotolewa kwenye mashine kuukuu. Tutasema habari za vipande hivyo, na jinsi ya kujua ni kipi kilichokufa.

Jambo hili lawahusu kwa sababu ya pesa. Tumeona kikundi kikitoa pesa za mzunguko kununua betri mpya ya volti 12. Ikafungwa, na taa bado giza. Kumbe betri ya zamani haikuwa na neno. Fyuzi nayo ilikuwa nzima, ila kishikio chake kilikuwa kimeota kutu ya kijani na stima haikuweza kupita. Kipande cha msasa kingetosha. Hakuna aliyekuwa amepima.

Basi fundi aanze wapi? Aanze kwa macho na pua, kabla hata ya kufungua mita. Aangalie waya uliokatika, mahali palipoungua, mdudu aliyejenga ndani (ndiyo, sisimizi na mende hupenda sana kukaa humo), na sehemu iliyolehemiwa ambayo imepasuka kama duara dogo kuuzunguka mguu wa kipande. Amwulize mwenye taa: ilizima ghafla au ilififia pole pole? Ilinyeshewa? Nani mwingine ameshaifungua? Hilo la mwisho watu hulificha, lakini liulizeni.

Halafu ashike mita. Aiweke kwenye volti za betri, yaani DC, kiwango cha 20. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6 au 12.7. Sasa sikilizeni vizuri: kipimo hicho peke yake hakitoshi. Washeni taa, halafu pimeni tena taa zikiwa zimewashwa. Ikiwa kipimo kinaanguka kutoka 12.6 hadi 9, betri imezeeka. Ina sura ya nguvu lakini haiwezi kubeba mzigo. Ikibaki karibu pale pale, iacheni betri, shida iko mbele.

Fuateni njia ya stima kama mtu anayefuata bomba la maji shambani akitafuta mahali linapovuja. Mguu mweusi wa mita ubaki kwenye hasi ya betri. Mwekundu usogee: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, baada ya swichi, mpaka kwenye bodi. Mahali volti zinapopotea ndipo penye kasoro. Kile kishikio chenye kutu kingejionyesha mara moja: taa ikiwa imewashwa, upande mmoja volti 12, upande wa pili karibu hakuna kitu.

Haya, tuingie ndani ya bodi. Kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi ni rezista. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa stima, na hupimwa kwa omu, jina lililotoka kwa Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827. Rangi ni hesabu: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, na wa nne huonyesha inaweza kupita au kupungua kiasi gani. Dhahabu ni asilimia 5. Basi manjano, zambarau, kahawia ni 4, 7 na sifuri moja: omu 470. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000. Ikiwa mistari ni mitano, mitatu ya kwanza ndiyo tarakimu. Rezista iliyopata moto huwadanganya watu, nyekundu ikaonekana kahawia, kwa hiyo pimeni pia. Lakini zimeni stima kwanza, na mwinue mguu mmoja kutoka kwenye bodi, la sivyo mita itapima na majirani zake.

Tuone faida ya omu 470 hizo. Mtu ana betri ya volti 12 na balbu moja ndogo nyeupe ya LED. Balbu hiyo yataka karibu volti 3 na ampea 0.02. Akiiunga moja kwa moja itaungua papo hapo. Volti 9 zilizozidi lazima zimezwe na rezista: 9 gawanya kwa 0.02 ni 450. Dukani hakuna 450 kwa urahisi, kwa hiyo twachukua 470. Hesabu ya darasa la sita hiyo, lakini imeokoa balbu nyingi.

Dayodi ni mlango wa upande mmoja. Ile nyeusi yenye maandishi 1N4007 hubeba ampea 1, na mstari wake mweupe huonyesha upande stima inapotokea. Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, upande mmoja itasoma karibu 0.6, ukigeuza haisomi kitu. Ikisoma sifuri pande zote mbili, imekufa. Isiposoma popote, vile vile imekufa.

Kapasita ya mkebe ina hasi na chanya. Utepe wenye alama ya kutoa ni upande wa hasi. Kuifunga kinyume ni kuomba ipasuke. Kichwa chake kikivimba, badilisheni bila kubishana, na mpya iwe na volti sawa au zaidi. Zile ndogo bapa zenye 104 husomwa kama rezista: 10 na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000.

Transista hatutakaa nazo sana leo. Kumbukeni tu kwamba kufanana kwa umbo si kufanana kwa miguu. BC547 na 2N3904 zote ni vipande vyeusi vya miguu mitatu, lakini mpangilio wa miguu umepinduliwa. Someni nambari.

Sasa maonyo. Stima ya nyumbani ni volti 240, na ndani ya chaja au televisheni kuna kapasita inayoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mwanafunzi asianzie huko. Aanze na betri. Taa nyingi za siku hizi zina betri za lithiamu, na hizo si za aina moja: moja hujaa kwa volti 4.2, nyingine kwa karibu 3.6. Msibadilishane bila kusoma maandishi, na iliyovimba isichajiwe tena. Pia risasi ya kulehemia ina sumu. Oshieni mikono kabla ya kula, na akina mama, sufuria ya jikoni isitumiwe kuiyeyushia.

Mkishindwa, ombeni msaada, lakini ombeni kwa vipimo. Fundi wa mbali akipigiwa simu na kuambiwa "taa haiwaki," atajibu nini? Mwambieni hivi: "Betri 12.5, baada ya fyuzi 12.5, baada ya swichi sifuri." Hapo hata hajaiona taa, atawaambia swichi. Na mkimtuma mtu Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue, apewe kile kipande chenyewe kilichokufa akibebe, pamoja na nambari zake kwenye karatasi. Msimtume na jina tu.

Mita iwe mali ya kikundi, iandikwe kwenye kitabu cha mweka hazina, na anayeiazima atie sahihi. Betri yake ndogo ya ndani nayo hubadilishwa. Ikichoka, mita husoma uongo.

Haya basi, tufungue ile taa ya kwanza. Nani ana macho makali atusomee rangi za rezista hii?