Nikimshitaki, Nani Ataniogesha?

Leo naomba tuzungumze habari ambayo kwa kawaida husemwa chini kwa chini, mlango ukiwa umefungwa. Nami sitaanzia nyumba ya jirani. Nitaanzia kwetu.

Mwaka jana, jioni moja, nilipita Magomeni kumjulia hali shangazi yangu. Ni mjane, umri wake umepita miaka 80, na miguu imemkatalia. Nikamwamkia, akaitika, tukaongea ya ukoo. Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono, akatazama mlangoni, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, huna hata mia tano ya tambuu?"

Nikampa. Lakini nilipofika kituo cha basi hesabu ikaanza kunisumbua. Nyumba ile ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe. Ina vyumba sita, na vinne vina wapangaji. Kila mmoja analipa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwanawe wa kiume aliyeko Mwanza hutuma shilingi 100,000 kila mwisho wa mwezi kwa simu. Jumla ni 300,000. Sasa mwenye 300,000 anaombaje mia tano, tena kwa kunong'ona?

Fedha zote zilipita mikononi mwa binti yake wa mwisho, anayeishi naye na kumuuguza. Simu ya mama alishika yeye, namba ya siri alijua yeye. Wapangaji wa vyumba viwili vya mbele alikwisha chukua kodi yao ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mama hakuwa na habari. Isitoshe, palikuwa na hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, ikimruhusu binti huyo kushughulikia nyumba, pamoja na kuiuza.

Chini ya hati hiyo palikuwa na dole gumba la shangazi. Pembeni yake, msikilizaji, palikuwa na sahihi ya shahidi. Sahihi hiyo ilikuwa yangu.

Nilikumbuka siku ile. Binamu yangu alinikuta nina haraka ya kwenda kazini, akasema, "Kaka, tia sahihi hapa, ni mambo ya kuunganisha maji." Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma karatasi mbele ya maikrofoni, ile sikuisoma.

Nilipomwambia shangazi kwamba twende polisi, alinitazama kwa muda mrefu. Akasema: "Nikimshitaki, nani ataniogesha?"

Katika swali hilo ndimo ulimo ugumu wote wa jambo hili. Mwizi wa kawaida huruka ukuta, nawe hupiga kelele majirani wakaja. Huyu ndiye mwenye ufunguo. Ndiye anayepika uji, anayeleta dawa, anayekugeuza usiku ubavu ukiuma. Mzee anayeibiwa na mlezi wake anapiga hesabu mbili, ya fedha na ya kuogeshwa, na mara nyingi huona heri apoteze fedha. Kwa hiyo hunyamaza, nasi tunaokuja na mkate na majani ya chai mara moja kwa mwezi tunadhani ameridhika.

Tusidhani ni mkosi wa nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote, katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa ubaya wa namna fulani katika mwaka, na kunyang'anywa mali ni moja ya namna hizo. Umoja wa Mataifa uliona uzito wake, na mwaka 2011 ukaitenga tarehe 15 Juni kuwa siku ya kuukumbusha ulimwengu juu ya mateso ya wazee. Hapa kwetu tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 amekuwa akipewa pensheni ya kila mwezi, iliyoanza na shilingi 20,000. Ni hatua njema. Lakini Serikali ikishaifikisha fedha mlangoni, ndani ya nyumba ni sisi tunaojua imeingia mfuko wa nani.

Sheria nayo haijalala. Kanuni ya Adhabu, Sura 16, inautambua wizi wa mtu aliyekabidhiwa mamlaka juu ya mali ya mwenzake akaitumia kwa faida yake. Kwa asiye na uwezo wa kulipa wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Lakini sheria haimgeuzi mgonjwa usiku.

Tukaitisha kikao cha ukoo. Nilikwenda nimefura, hotuba iko tayari kinywani. Binamu yangu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kaka, wewe umewahi kufua shuka za mama? Nilikuwa na genge langu la mbogamboga, nikalifunga ili nikae naye. Miaka minne. Nani kati yenu aliniuliza ninakula nini?"

Kikao kizima kikawa kimya. Ndugu yetu wa Mwanza, aliyekuwa akisikiliza kwa simu, naye kimya.

Sisemi kwamba maneno yale yalihalalisha aliyoyatenda. Kuchukua kodi ya mwaka bila mama kujua ni wizi, na kumpa mama karatasi ya kuuza nyumba ukimwambia ni ya maji ni udanganyifu. Lakini nasi tulimpa mtu kazi ya usiku na mchana bila ujira, tukamwachia na mkoba wa fedha, kisha tukaondoka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nasi wote tulikuwa mbali.

Tuliafikiana hivi. Hati ile shangazi aliifuta kwa maandishi, baada ya kusomewa neno kwa neno, na nakala zikapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa na kwa wapangaji. Binti anapata posho ya kila mwezi, inayojulikana na wote, na siku moja kwa juma ya kupumzika ambayo sisi wengine tunaishika kwa zamu. Kodi inaingia katika simu ya shangazi mwenyewe, namba ya siri anaijua yeye. Matumizi yanaandikwa katika daftari, na kila mwisho wa mwezi anasomewa. Tena pasiwe na karatasi ya kutiwa dole gumba mpaka isomwe kwa sauti na mtu asiyefaidika nayo.

Kodi ya mwaka ule haikurudi, wala sitegemei irudi. Na wawili hao, mama na mwana, zipo siku hawasemezani. Sikuja hapa kuwasimulia hadithi yenye mwisho wa sukari.

Ila jambo moja nalishuhudia. Juzi nilikwenda kwa zamu yangu. Nilipoaga, shangazi alichomoa kikopo chini ya mto, akahesabu polepole, akanikabidhi shilingi 1,000. "Nauli," akasema. Hakunong'ona.

Msikilizaji, Jumapili hii ukienda kwa mzee wako, pamoja na mkate wako, kaa naye peke yake kidogo. Muulize: fedha yako iko wapi, na nani aliyekusomea karatasi ya mwisho uliyotia dole? Kisha umgeukie anayemlea, umuulize naye: wewe unakula nini?

Hadi juma lijalo, kwaherini.