Kababu kwa Kila Mlaji: Tujue Kilichomo Ndani ya Donge la Nyama



Katika lugha ya biashara na uchumi, kila anayenunua bidhaa kwa matumizi yake huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni sabuni. Leo ninalirudisha neno hilo katika maana yake ya kwanza: mtu aliyeketi mbele ya sahani. Sahani yenyewe ni ya kababu za nyama ya kusaga, zile tunazozikuta kwenye futari, harusini na katika vibanda vya jioni.

Nimezichagua kababu kwa sababu ni chakula kinachoficha. Kipande cha nyama choma hujieleza chenyewe. Donge la nyama ya kusaga halijielezi. Ndani yake mna mkate uliolowekwa, yai, kitunguu, viungo, chumvi na pengine mchemraba wa kukolezea mchuzi, na vyote vimekwisha kuwa kitu kimoja. Mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mwenye mzio wa mayai na asiyeweza kula ngano huitazama sahani hiyo hiyo, wala macho hayawasaidii. Mara nyingi kinachowadhuru si nyama, bali kilichoongezwa humo. Habari njema ni kwamba kila kilichoongezwa kina kazi yake, na kazi hiyo yaweza kufanywa na kitu kingine.

Kila kitu na kazi yake

Mkate hunyonya maji ya nyama yasipotee jikoni, na hivyo kababu hubaki laini. Yai huganda kwa moto na kushikamanisha donge. Chumvi nayo haileti ladha peke yake: huvuta protini ya nyama na kuifanya inate. Ndiyo maana nyama iliyokandwa vizuri pamoja na chumvi haimeguki ovyo. Tukizijua kazi hizi, hatutaondoa kitu na kuacha pengo. Tutaweka mbadala wake.

Tuanze na ngano. Ugonjwa wa seliaki husababishwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Mgonjwa akila gluteni, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba yake ni kuacha kabisa vyakula vyenye gluteni, maisha yote. Mkate wa kahawia haumfai, kwa kuwa nao ni ngano. Badala ya mkate, tumia kiazi mviringo kilichochemshwa na kupondwa, wali uliopondwa, au unga wa dengu, wa mchele au wa muhogo.

Kwa mwenye mzio wa mayai, kiazi kilichopondwa pamoja na unga wa dengu hushika vizuri, mradi nyama ikandwe kwa dakika kadhaa na madonge yakae mahali pa baridi nusu saa kabla ya kupikwa. Ikiwa jamii ya kunde nayo humdhuru, unga wa mchele utachukua nafasi ya dengu.

Kwa mwenye shinikizo la damu, adui ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula. Mchemraba wa kukolezea mchuzi kwa sehemu kubwa ni chumvi, uache. Ladha itafutwe kwenye limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba na kotimiri. Hapa natoa tahadhari moja. Chumvi mbadala zinazouzwa kuwa ni salama kwa presha mara nyingi zina potasiamu, na kwa mgonjwa wa figo zinaweza kuwa hatari. Asizitumie bila kumuuliza daktari wake.

Mwenye kisukari hahitaji kunyimwa kababu. Apunguziwe wanga: dengu kwa wingi kuliko kiazi, na pembeni kachumbari badala ya chipsi.

Kipimo cha nyumbani

Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, kiazi kimoja kikubwa kilichochemshwa na kupondwa, vijiko 2 vya chakula vya unga wa dengu, kitunguu kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji, kitunguu saumu na tangawizi kijiko kimoja cha chai kila kimoja, viungo upendavyo, maji ya nusu limau, na chumvi nusu kijiko cha chai. Kanda mpaka mchanganyiko unate mkononi, kisha fanya madonge 16. Hamna ngano, yai wala maziwa, na chumvi yake ni ndogo.

Ukiwa na tanuri, oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 20 hivi. Usipokuwa nalo, zipike taratibu ndani ya mchuzi wa nyanya, sufuria ikiwa imefunikwa. Usiridhike na rangi ya nje. Nyama inaposagwa, vijidudu vilivyokuwa juu huingia ndani, kwa hiyo kababu sharti iive hadi kiini chake. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71. Asiye nacho akate moja katikati, ahakikishe imeiva hadi kiini, inatoa mvuke na maji yake hayana wekundu.

Yasiyoonekana

Unaweza kufuata kipimo hicho neno kwa neno na bado ukamdhuru mgeni, kwa sababu madhara huingia kwa milango minne.

Mlango wa kwanza ni lebo. Katika chakula kilichofungashwa, viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi hadi kilicho kidogo. Tafuta ngano, mayai, maziwa, karanga, njugu za aina nyingine, samaki, kamba na kaa: hivi vimo katika orodha ya Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ya vitu vinavyopasa kutajwa. Tafuta soya pia. Soma kila unaponunua, hata bidhaa uliyoizoea, kwa maana mtengenezaji anaweza kubadili viambato. Unga wa viungo usio na lebo usimpe mwenye mzio. Nunua viungo vizima uvitwange.

Wa pili ni bucha. Mashine iliyosaga nyama yako huenda imetoka kusaga mchanganyiko wa soseji wenye mkate, au nyama ambayo dini ya mgeni wako haimruhusu kula. Omba mashine ioshwe, au ununue nyama nzima uisage nyumbani.

Wa tatu ni mashine ya nafaka ya mtaani. Unga wa dengu uliosagwa mara baada ya ngano si unga wa dengu tena kwa mwenye seliaki.

Wa nne ni karai. Mafuta yaliyokaanga sambusa, maandazi au katlesi zilizochovywa kwenye yai hubeba mabaki yake. Mwenye mzio apikiwe kwanza, kwa mafuta mapya na chombo safi.

Swali la mwenyeji na jibu la muuzaji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni naye apone. Kabla ya kupika, muulize kisichomfaa. Akikujibu, usimbembeleze kwa kusema “ni kidogo tu, hakitakudhuru”. Kwa mwenye mzio mkali, kidogo hicho kinaweza kuvimbisha midomo na koo, kuleta vipele na kubana pumzi kwa muda mfupi sana. Dalili hizo zikitokea, ni dharura: hospitali mara moja, si kusubiri zitulie.

Kwa muuzaji, una haki ya kuuliza: ndani mna nini? Tangu mwaka 1985 Umoja wa Mataifa una miongozo ya kumlinda mlaji, na kupata taarifa za kweli ni miongoni mwa misingi yake. Muuzaji asiyejua jibu aseme hajui. Akibahatisha, anacheza na uhai wa mtu. Nawe usipopata jibu la hakika, usinunue.

Bidhaa iliyofungashwa ikikudhuru, tunza kifungashio, risiti, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na mabaki kwenye jokofu. Kisha toa taarifa kwa mamlaka inayosimamia usalama wa chakula. Malalamiko yenye ushahidi ndiyo yanayoweza kuiondoa bidhaa yenye kasoro rafuni, kabla mlaji mwingine hajaifikia.