Njia ya fishie isitaje jina la muntu
(Neno lililotolewa mbele ya vijana wa kujitolea, Lubumbashi)



Leo hatutasema juu ya maandamano. Tutasema juu ya kazi inayofanyika nyuma: zile skripti zinazojenga ukurasa wetu na programu zetu ndogo, zenyewe, bila muntu kukaa mbele ya mashini. Mutauliza: hiyo inaingilia wapi ndani ya mapambano ya raia? Inaingia kabisa.

Skripti ni karatasi ya maagizo. Inasema: kamata picha mu dosie hii, kamata matangazo mu ile, changanya, weka matokeo pale. Mara nyingi mwenye kuiandika anaweka njia nzima ya mashini yake: /home/jina-na-posto/kazi/picha. Kwake inatembea muzuri. Kwa mwingine inakufa palepale, juu dosie hiyo haiko.

Batu wa Lubumbashi tunaelewa hii mbio. Muji wetu uliitwa Élisabethville mpaka 1966. Katanga ikageuka Shaba, mwaka 1997 ikarudia Katanga, mwaka 2015 ikakatwa vipande vinne, na siye tukajikuta Haut-Katanga. Mwenye kushika adresi ya zamani anapotea. Mwenye kuambiwa "toka hapa, nyumba ya tatu ku mukono wa kuume" anafika, hata muji waupe jina gani. Fishie nazo ni vile. Njia inayoanzia ku muzizi wa mashini inavunjika; njia inayoanzia pale skripti iko, inafika.

Tuko na sababu mbili za kuandika upya hizi njia sasa.

Ya kwanza: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, na ilirudia kisha karibu siku 20. Siku kama zile, sauti ya wote haifae kufungwa ndani ya mashini moja. Dosie nzima iweze kuingia mu kle USB, ivuke Kasumbalesa, na ndugu yetu wa Zambia ao wa Ubelgiji aijenge bila kutuuliza kitu.

Ya pili ni nzito zaidi: njia inataja jina. Ukijenga programu ya C, kompaila inaweza kuandika ndani yake njia ya dosie mulimojengewa. Programu inagawiwa ku matelefone, na kumbe ndani kuko jina la kijana aliyeijenga. Yeyote anaweza kulisoma. Katika inchi ambamo vijana walishafungwa juu ya kubeba kibao tu, hiyo si jambo dogo.

Sasa namna ya kufanya.

Moja: fanyeni kopi ya dosie kwanza. Kisha mutafute njia zote nzima:
grep -rn "/home/" .
Kwa mashini za Windows, mutafute "Users".

Mbili: juu ya skripti, andikeni mara moja tu pale kazi inaanzia:
ROOT="$(cd "$(dirname "$0")" && pwd)"
Hapo skripti inajitafutia yenyewe dosie yake. Kila pahali pengine muandike "$ROOT/picha". Musisahau alama za kufungia, juu jina la dosie likiwa na nafasi katikati, bila zile alama linakatika.

Tatu: musibadilishe na macho ya kufunga. Mukiambia sed ibadilishe /home/jina/kazi, itakamata pia /home/jina/kazi-zamani na kuharibu. Wekeni mukwaju ku mwisho, na mutumie # kutenganisha, juu njia zenyewe zimejaa mikwaju:
sed -i 's#/home/jina/kazi/#$ROOT/#g' jenga.sh
Kisha musome mustari kwa mustari.

Ine: Windows inaandika mukwaju wa kurudi nyuma, Linux wa kwenda mbele. Tena kwa Linux, Picha na picha ni dosie mbili. Tuandike herufi ndogo pahali pote.

Tano: kwa programu za C, tangu GCC 8 ya mwaka 2018, kuko chaguo hili:
-ffile-prefix-map="$ROOT"=.
Njia yenu inageuka nukta. Kwa Go, mutumie -trimpath. Kisha muhakikishe:
strings programu | grep /home/
Kama inaonyesha jina la mumoja wetu, musiitoe inje.

Kuko faida ingine tena. Batu wa Debian wanatumika miaka mingi ili batu wawili, ku mashini mbili, wajenge programu moja na wapate kitu kimoja kabisa, baiti kwa baiti. Njia za dosie ni moja ya vitu vilivyowapinga. Siye tukifika pale, na sha256sum ya Katuba ikilingana na ya Ruashi, mufuasi hatatuamini kwa maneno tu: atajijengea na kuona kama hakuna aliyeingiza mukono.

Basi wiki hii, kila ekipe ipeleke skripti zake ku mashini isiyo yake, chini ya jina lingine, ndani ya dosie ingine. Zikitembea pale, kazi imeisha. Zikikufa, mustari wa kosa utawaonyesha njia gani ingali ya muntu mumoja.

Tutumike.