NIKIFA, ATABAKI NA NANI?



Ndugu zangu vijana wa Migori na Homa Bay, na wewe unayesoma ukingoja adhana ya magharibi, hebu tuzungumze juu ya mwenzetu mwenye usonji. Akiwa mdogo sote tunamhurumia. Akiota ndevu, huruma inageuka hofu. Watu ati, "Mfungieni ndani, huyo sasa ni mtu mzima." Na mama yake halali, anajiuliza: nikifa, atabaki na nani?

Usonji si jini, si laana, wala si malezi mabaya. Ni hali ya ubongo ambayo mtu hukua nayo na kuzeeka nayo. Mwingine hasemi kabisa. Mwingine anasema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Basi tufanye nini?

Kwanza, stakabadhi. Akifika miaka 18 anastahili kitambulisho kama wewe. Asajiliwe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Haki zake zimo katika Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini 2025. Mzazi asiyejua ofisi, msindikize.

Pili, kazi. Mtaala wa umilisi una njia ya wanafunzi kama hawa, inayoishia kwenye ufundi. Lakini usingoje shule imalize. Tazama ufuoni Homa Bay: omena huanikwa, hugeuzwa, huchambuliwa, kisha hupimwa kwa gorogoro. Ni hatua zile zile kila siku, na wengi wenye usonji hupenda mpangilio usiobadilika. Wa Migori mjini aweza kupanga bidhaa dukani. Mwonyeshe hatua moja moja, kwa picha ikibidi. Na akifanya kazi, alipwe! Kusema "huyu hajui pesa" ni dhuluma.

Tatu, usalama. Afundishwe kutompa mtu yeyote nambari yake ya siri ya M-Pesa, kukataa kushikwashikwa, na njia ya kurudi nyumbani.

Nne, mwezi huu wenyewe. Ramadhani inabadilisha saa za kula na kulala, na mabadiliko ya ghafla humsumbua. Mwambie siku kadhaa kabla. Vipaza sauti na msongamano wa tarawehe vyaweza kumuumiza. Akiziba masikio si utovu wa adabu. Mwekee nafasi karibu na mlango.

Ndugu zangu, wazazi wake watazeeka. Wewe rika lake ndiye utakayebaki naye miaka 40 ijayo. Kwa hiyo jibu la swali la yule mama ni wewe. Anza na futari ya leo: mwite, umkalishe karibu nawe, na kesho umwite tena.

Wabillahi tawfiq.