Kompyuta Ndogo Kama Kijiti: Kabla ya Kuomba, Tazameni Nyuma ya Televisheni

(Maneno yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, Dodoma)



Waheshimiwa mapadre, watawa, wenyeviti na makatibu wa kamati, na ninyi marafiki na wafadhili mtakaotusoma baadaye katika jarida hili. Tunajua wengine mmeondoka Kongwa na Mpwapwa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo hatutazunguka. Parokia kadhaa zimeleta maombi ofisini kwetu, na yote yanaomba kitu kimoja: zile kompyuta ndogo kama kijiti zinazochomekwa kwenye televisheni.

Kwa ambao hawajakiona, kijiti hiki kina urefu kama wa kidole na ni kikubwa kidogo kuliko flashi. Ndani yake mna kompyuta kamili, ila hakina kioo wala kibodi. Unakichomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya televisheni, unakipa umeme kwa waya kama ule wa kuchajia simu, na televisheni inageuka kuwa kioo cha kompyuta. Vilianza kuvuma mwaka 2012. Kampuni ya FXI ya Norwei ilikuwa imekwisha kuonyesha cha kwake mwishoni mwa 2011, kwa jina la Cotton Candy, kisha China ikaleta MK802 kwa dola 74. Mwaka 2015 Intel nayo ikatoa Compute Stick. Kikiwa na Windows ndani yake kiliuzwa dola 149, ambazo kwa fedha yetu ya wakati ule zilikaribia shilingi laki tatu.

Mnaona jinsi hesabu hiyo inavyovutia. Parokia nyingi zina televisheni ukumbini (iliyonunuliwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, tusifichane), basi mtu anasema kioo tunacho, bado kijiti tu. Sisi ofisini tulivutiwa kabla yenu, na ndiyo maana tunataka mjue yaliyotupata.

Parokia moja, ambayo hatutaitaja, ilipewa vijiti vinne na marafiki wa nje, na sisi ndio tuliopitisha andiko la mradi. Waamini walichanga alizeti, debe kwa debe, zikauzwa, na fedha zikatengeneza chumba: nondo za madirisha, mlango wa chuma, meza. Lengo lilikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne wajifunze kuchapa na kutunza mahesabu ya VICOBA. Siku ya ufunguzi paroko alibariki chumba, kwaya ikaimba, ndipo fundi wetu akazunguka nyuma ya televisheni. Zilikuwa nne, zilizoazimwa kwenye familia, na zote zilikuwa za chogo. Matundu yalikuwa yale matatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Tundu la HDMI halikuwepo hata moja.

Tungepaswa kulijua hilo bila kuambiwa. Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dodoma mwanzoni mwa 2013, wengi wetu hatukununua televisheni mpya, tulinunua king'amuzi. King'amuzi kilifanya kazi vizuri kwenye chogo, na televisheni za zamani zikapata maisha mengine. Andiko letu la mradi liliandika "televisheni zipo", na sentensi hiyo ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyeuliza ni televisheni za namna gani.

Kuna kiboksi kinachogeuza picha ya HDMI iingie kwenye matundu yale matatu. Tulikinunua. Picha ilikuja, lakini herufi zilitetemeka kama zinatazamwa kupitia moshi wa jikoni. Kwa filamu kinafaa, lakini mtu wa kuchapa barua ataumia macho kabla hajafika "Yah".

Baadaye tuliazima televisheni bapa moja, na hapo tukajifunza mengine. Kijiti kile kilikuwa na tundu moja tu la USB la kuchomekea vifaa, kwa hiyo kibodi na mausi havikuweza kuingia kwa pamoja bila kigawanyio. Vijana nao, kwa kutaka urahisi, waliuchomeka waya wa umeme kwenye tundu la USB la televisheni yenyewe. Kijiti kinahitaji ampea 2 kwa volti 5, na tundu la televisheni mara nyingi hutoa nusu ampea. Kikawa kinawaka, kinaanza, kinazima. Wakadhani ni kibovu, kumbe kilikuwa na njaa. Ndani yake mna feni ndogo sana, na ninyi mnalijua vumbi letu mwezi wa Agosti. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa GB 32, na sehemu kubwa ililiwa na Windows yenyewe. Masahihisho yalipoingia hapakubaki pa kuweka kazi za wanafunzi. Masahihisho hayohayo yalimaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja.

Leo hali ni ngumu zaidi kwa vijiti vya aina hiyo. Intel ilikwisha kuacha kuvitengeneza, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Huko ng'ambo watu wanasafisha makabati, na kilichotoka kabatini kinatafuta pa kwenda. Wafadhili wetu, mtusamehe kwa kusema wazi, maana hatusemi kwa kukosa shukrani. Kifaa kilichoshindwa mjini kwenye umeme mzuri kitashindwa upesi zaidi kijijini, ambako umeme hupanda na kushuka na stebilaiza hazipo.

Tunaulizwa pia kuhusu vijiti kama Chromecast, kilichotoka mwaka 2013 kwa dola 35. Hicho hurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye televisheni, tena kinataka Wi-Fi. Kwa kuchapa na kutunza mahesabu hakitusaidii.

Je, tuache kabisa? Hapana. Karatu, mkoa wa Arusha, shirika la Powering Potential limezifungia shule za sekondari Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2012, zikiendeshwa kwa umeme wa jua. Ni ndugu wa karibu wa vijiti hivi. Kompyuta yenyewe hutumia wati chache tu. Anayekula umeme ni kioo. Badala ya kutegemea intaneti, shule zile zimewekewa maktaba ya RACHEL, ambayo masomo yake yote yamo ndani ya kifaa kilichopo palepale shuleni. Tena programu na kazi hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Kadi ikiharibika, unaandaa nyingine, na kadi zinauzwa hapa mjini kwenye maduka ya simu. Tangu 2020 ipo Raspberry Pi 400, ambayo kompyuta yake imo ndani ya kibodi. Ilitoka kwa dola 70. Hiyo imetuvutia kuliko kijiti chochote, kwa sababu kibodi haipotei mfukoni mwa mtu.

Hata hiyo, hata hivyo, inataka tundu la HDMI.

Mtauliza vile vijiti vinne viko wapi. Kimoja kipo ofisi ya parokia kwenye televisheni bapa, kinachapa vyeti vya ubatizo, na kimefungwa chaja yake chenyewe. Vitatu viko kwenye droo yetu. WAWATA wanakitumia chumba kwa cherehani, na tunashukuru hakikukaa bure, lakini hakikujengwa kwa ajili hiyo. Vijana waliojiandikisha bado wanauliza, na waliotoa alizeti wanauliza zaidi.

Kwa wafadhili, ombi letu ni hili: mkitaka kutoa kompyuta za aina hii, anzeni na bei ya kioo, kibodi, stebilaiza na nauli ya fundi. Kijiti ndicho sehemu rahisi ya mradi.

Kwa kamati, fomu mpya ziko mapokezi. Pamoja na fomu tutahitaji picha ya nyuma ya televisheni, iliyopigwa karibu hadi matundu yasomeke. Mtuletee pia risiti za LUKU za miezi mitatu, na jina la mtu mmoja atakayetunza ufunguo, aliyekubali mwenyewe na si aliyeteuliwa akiwa hayupo kikaoni. Parokia ile ya alizeti haitajaza fomu. Tumekwisha kumwandikia paroko kwamba ni ya kwanza kwenye foleni, na gharama ya vioo vinne itatoka kwenye fungu la ofisi yetu.